Ungamo la Kona ya Chini

Chumba cha walimu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Ramani yako imefika, na nakuambia kabla sijakusalimu kwamba umenitia aibu.

Nilikuomba ramani ya dunia ya kubandika ukutani, wanafunzi wangu wapate kulinganisha ukubwa wa nchi. Jumanne akaja mkaguzi, akakaa nyuma na faili lake. Nikauliza darasa, kipi kikubwa, Afrika au kile kisiwa cha barafu cha kaskazini? Msichana wa dawati la mbele, ambaye hajawahi kukosa swali langu, akainuka na rula, akaenda ukutani, akapima, akasema vinakaribia kulingana. Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Afrika ni kubwa kuliko kisiwa kile mara kumi na nne! Nilijaribu kueleza, kengele ikalia. Yule msichana tangu siku hiyo hanyooshi mkono, na kosa si lake, alipima alichopewa.

Usijisumbue kunieleza ni ramani ya aina gani, hesabu ndiyo kazi yangu. Inatunza pembe. Kila unapokwenda mbali na ikweta, upana unanyooshwa, na ili pembe isiharibike inabidi urefu nao unyooshwe papo hapo kwa kiasi kilekile. Barabara mbili zinazokatana duniani zinakatana vilevile kwenye karatasi. Bei yake ni ukubwa: ukifika kaskazini kisiwa kimefura kama andazi. Wenye kuielewa wanaitumia vizuri na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kona ya chini, upande wa kulia. Ni tupu. Liko wapi ungamo? Mama alikaa chumba hichohicho cha kuchorea ramani unachokaa wewe miaka thelathini na moja, na hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake bila ule mstari mmoja wa kukiri: ramani hii inatunza hiki, inapotosha kile, kipimo ni sahihi mahali fulani tu. Kila ramani inadanganya, alikuwa akituambia, ila ya kwetu inaungama. Kwenye bahasha umeandika kwamba Mama ameikagua. Mama yupi? Huyu wetu angeiona kona tupu angekuchapa na ile pembetatu yake ya mbao, na miaka yako thelathini na minne.

Mwambie nasikitika, likizo hii pia sitaweza kuja. Kuna mitihani ya kusahihisha, na upepo umeezua paa la bweni la wasichana, mimi ndiye niliyekabidhiwa usimamizi. Mtoto anamsalimu bibi yake, somo yake.

Dada yako


Ofisi ya ramani, 15 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ilinifikia mbele ya mkuu wa chumba, na nilivyokunja uso akaniuliza kama kuna msiba.

Ungamo nilisahau. Wiki ile nilikuwa na karatasi nne za bandari mezani, zote za haraka. Lakini hicho kicheko cha mkaguzi usinitupie mimi. Uliandika "ramani ya dunia, nzuri, ya ukutani". Hukusema ya kupimia ukubwa. Hapa kwetu asubuhi mpaka jioni tunachora za wanamaji, na mwanamaji hana haja na ukubwa wa kisiwa. Anachotaka ni kuweka rula kutoka alipo mpaka anapokwenda, apige mstari mmoja, apime pembe, aishike pembe ileile mpaka afike. Ramani nyingine zote zitampa mstari uliopinda. Hii peke yake ndiyo itamwambia shika hapa, usigeuze. Mtu aliyeko baharini usimdharau kwa sababu wewe uko darasani.

Mama hajambo. Kiti chake amekihamishia dirishani, anasema mwanga wa pale ni mzuri. Sebuleni nimeweka taa kubwa, ile ya zamani tumempa jirani. Kushona ameacha, anasema amechoka kuwashonea watu wasiorudi kuchukua nguo zao. Asubuhi anatembea peke yake mpaka getini na kurudi, hatua ishirini na sita, hakosei hata moja. Ramani yako, kabla sijaituma, niliiweka mapajani mwake, akaipapasa ukingo kwa ukingo, akasema karatasi ni nzuri, nisikubali siku nyingine wanipe nyembamba.

Pole kwa paa. Kila likizo kuna jambo.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Nimepiga simu ofisini kwenu mara tatu. Mara tatu yule bwana wa mapokezi kaniambia umetoka. Basi nakuandikia, na utanijibu kwa maandishi.

Akaipapasa ukingo kwa ukingo. Hilo neno nilishinda nalo siku nzima. Mama yetu, ambaye akishika ramani hata kabla ya kukaa jicho lake liko kona ya chini kulia, aliipapasa akasifu karatasi.

Nikaenda kwenye kasha, nikatoa barua zako zote za mwaka jana na mwaka huu, nikazitandaza kitandani. Moja moja hazina neno. Kiti kimesogezwa dirishani, sawa, nani hapendi mwanga? Taa imebadilishwa, sawa. Ameacha kushona, na sababu yake ni ya kuchekesha, nikacheka. Ameacha kuniandikia kwa mkono wake kwa sababu kalamu za siku hizi ni mbovu, nikacheka tena. Anahesabu hatua mpaka getini, nikasema ni mazoezi ya uzee. Hakuna mahali ulipodanganya. Na mimi, mwalimu mzima, miaka tisa nasimama ubaoni nafundisha habari hii: chukua wavu wa miraba, uvute na kuukunja kwa namna inayotunza pembe, halafu mtu asimame kwenye kijiraba kimoja tu. Kwake kila kitu ni mraba, pembe zake nne zimetimia, ataapa kwamba hakuna kilichoguswa. Atagundua akianza kutembea, atakapoona kiraba cha kwanza kilikuwa kama kucha na cha mwisho ni kama uwanja. Umenisimamisha kwenye kiraba kimoja kila mwezi, na mimi nikasimama.

Nakuuliza swali moja na sitaki hadithi. Mama anaona au haoni?

Dada yako


Ofisi ya ramani, 6 Aprili

Dada, shikamoo.

Haoni.

Jicho la kulia limekwisha kabisa, tangu mwaka jana. La kushoto amebakiwa na mahali padogo katikati, anasema ni kama kuchungulia tundu la ufunguo. Ni presha ya macho. Kuna dawa ya matone namtia asubuhi na jioni, lakini daktari ametuambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, matone yanachelewesha tu. Mara ya mwisho alipima, akasema kwa kasi hii tusitegemee mwezi wa sita utapita naye bado anaona. Tangu siku hiyo Mama hazungumzii kitu kingine ila kuuona uso wa mwanao. Si picha, picha unazotuma hazioni tena, vichwa ni vidogo. Anataka mtoto mwenyewe, amshike mashavu, amsogeze karibu.

Aliniambia nisikwambie. Umesikia? Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Nilifanya nilichoagizwa na mama yangu.

Na sasa kwa kuwa umenitandaza kitandani, ngoja na mimi nikutandaze, maana nyani haoni kundule. Barua zako za miaka sita ninazo, ishirini na tatu. Nimezipanga mezani hapa chini ya taa ya kuchorea, kwa tarehe. Mtoto ana surua, pole sana. Mitihani ya kusahihisha, kweli, ndiyo kazi. Daraja limechukuliwa na maji, hata redioni walisema. Mwalimu mwenzio amejifungua unamshikia vipindi, umefanya vyema. Paa la bweni. Hakuna hata moja ya uongo, Dada, nimezikagua kama ninavyokagua ramani ya bandari. Ila ukitembea toka ya kwanza mpaka ya ishirini na tatu ni miaka sita, na toka kwako mpaka hapa ni basi la siku mbili. Siku mbili! Mtoto ana miaka mitano na bibi yake hajui ana mwanya au hana.

Unajua nani anamsomea Mama barua zako? Mimi. Na naona aibu kuzisoma zilivyo. Ukurasa na nusu wa shule, halafu chini kabisa, msalimie Mama. Kwa hiyo naongeza. Nasema, anasema mama yangu kipenzi nakuota kila siku. Nasema, anasema likizo ijayo lazima. Ukiudhika, udhika. Ungeandika mwenyewe nisingepata taabu ya kutunga.

Wewe uliyeondoka una haki ya kukasirika kwa barua. Mimi niliyebaki namtia matone kwa mkono huuhuu.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Aprili

Wewe,

Nani alikupa ruhusa ya kuniwekea maneno mdomoni? Miezi mingapi Mama anakaa dirishani anamngoja mtu uliyemchora wewe? Likizo ijayo lazima. Mimi sikuwahi kusema lazima. Nilijihadhari nisiseme, kwa sababu najua kazi yangu na sikutaka kumwahidi mzazi kitu cha hewani. Sasa nimekuwa mwongo bila kufungua kinywa, na si mara moja, ni kila likizo iliyopita bila mimi. Umenikalisha kwenye kiti cha aibu kisha unaniuliza kwa nini nimekaa vibaya.

Na usinitajie matone. Ningejua, ningeyatia. Mwaka jana ningejua, wakati jicho la pili bado zima, unafikiri ningekaa hapa nashughulika na mabati? Ulininyima kuchagua. Halafu unajificha nyuma ya aliniagiza. Una miaka thelathini na minne, si minne.

Nililia siku mbili, nakwambia ukweli. Nilipokuwa nasahihisha madaftari yakalowa, nikawaambia watoto ni mvua.

Lakini siwezi kukimbia kesho kama mtu aliyeungua. Nina darasa la mtihani wa mwisho, watoto arobaini na mmoja, hakuna mwalimu mwingine wa hesabu hapa na mkaguzi amesharudi na faili lake. Nikiwaacha sasa wanaanguka, na hao nao wana mama zao. Shule inafungwa mwezi wa nane. Siku ya kwanza ya likizo nitapanda basi na mtoto. Hiyo ni ahadi yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, na hii mwambie ilivyo. Msomee barua hii yote, neno kwa neno, na hayo ya kwanza usiyaruke. Usiongeze hata nukta.

Dada yako


Kitini, dirishani, 25 Aprili

Kwa wanangu wawili,

Marahaba. Zile shikamoo zilizotupwa katikati ya matusi nimezipokea kwa niaba ya kila mmoja.

Mkono huu ni wangu. Nimelaza pembetatu yangu ya mbao juu ya karatasi, kidole cha kushoto kinashika ukingo, kalamu inafuata. Mstari ukiisha naiteremsha upana wa kidole. Herufi zikinenepa kadiri zinavyokwenda, zisomeni kama nchi za kaskazini. Kitindamimba ataituma bahasha ikiwa imefungwa. Sehemu yake atasomewa na dada yake. Akiifungua nitajua, kwa sababu huyu mtoto ameshindwa kumdanganya hata kipofu.

Jumamosi alinisomea barua ya dada yake. Alianza na lile "Wewe", nikajua leo hakuna sukari. Nikamwambia leta na za nyuma, zote, na kila moja uniambie ulivyomjibu. Tumekaa mpaka chai ikapoa mara mbili. Kwa hiyo najua kila kitu mlichoandikiana kunihusu, kama vile mimi nimeshazikwa na nyie mnagawana vyombo.

Nimekasirika. Naanza na uliye karibu.

Wewe Kitindamimba, ni kweli nilikwambia. Siku ile tumetoka kwa daktari, nimeshika chupa ya kwanza ya matone, moyo umenijaa, nikasema usimwambie dada yako leo. Leo, mwanangu. Nilitaka usiku mmoja wa kulizoea jambo langu kabla halijawa jambo la watu. Ukaichukua leo yangu ukaivuta mpaka ikawa mwaka na miezi miwili. Kesho yake nilikuwa nangoja uniambie umeshaandika, hukusema, nikadhani umeandika, na dada yako amejua na amenyamaza. Mwaka mzima nimelala na hilo, kwamba mwanangu wa kwanza anajua sioni na bado anashughulika na paa. Nilinyamaza nisiombe. Umenifanya nimchukie mtoto wangu kwa kosa lako, na hilo sijakusamehe leo, nitakusamehe baadaye.

Halafu hiyo mama yangu kipenzi. Usinivike kilemba cha ukoka. Dada yako tangu aanze kusema hajawahi kuniita mama yangu kipenzi. Aliniita "Mama, chai iko wapi". Barua ya kwanza tu uliyoichezea nilijua. Nilikuacha uendelee kwa sababu niliona maneno yale wewe mwenyewe ulikuwa na haja ya kuyasikia yakisemwa humu ndani.

Kile ulichokifanya ofisini ni kibaya zaidi. Ulimtumia mwalimu ramani bila ungamo, ukaandika Mama ameikagua. Sikuikagua, niliishika. Chumba kile kimejengwa juu ya macho mawili ya mtu wa pili anayekagua. Nikifika ofisini kwa fimbo nitamwambia mkuu wako, na usidhani sifiki, ni hatua mia nne na tisa.

Sasa wewe kifungua mimba.

Umewaeleza watoto vizuri jinsi ramani ile inavyokuza, ila hujawaeleza kwa nini watu wenye akili walikubali hasara yote ile. Walitoa ukubwa wa dunia nzima, wakaitoa kwa hiari, ili wabakiwe na kitu kimoja: njia mbili zikikutana, zikutane kama zinavyokutana kweli. Basi. Hawakuweza kupata vyote, wakachagua, na wakaandika chini walichokitupa. Wewe umetupa nini na umetunza nini? Usinijibu, wewe ndiye unayejua. Sababu zako ishirini na tatu nimezisikia upya na hakuna hata moja niliyoikataa. Surua ni surua na daraja ni daraja. Ila chini ya barua zako pia kona ni tupu. Hukuandika popote, Mama, naogopa kuja nikukute umezeeka. Ningeusoma mstari huo ningekuelewa, maana mimi nami naogopa kukuta sauti yako imekuwa ya mgeni.

Ukasema mwezi wa nane. Daktari kasema wa sita. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu katika nyumba hii. Sita na nane, ipi inatangulia?

Hao arobaini na mmoja nawaonea huruma. Waandikie mazoezi ya wiki moja, mpe yule msichana wa dawati la mbele awasimamie. Na kabla hujaondoka, mwite ukutani mbele ya wenzake, chukua kalamu ya wino, andika ungamo kwenye kona ile kwa mkono wako, umwambie alipima sawasawa, waliokosa ni sisi watu wazima watatu. Mtoto asibebe kosa la chumba chetu.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Huenda walikuwa wanaona vizuri waliposema. Mimi nakwambia macho yanauma kuyaaga. Jana nilichukua kisahani cha chai nikakisogeza mbele ya jicho la kushoto, polepole, nipime kile kitundu changu kimebaki kiasi gani. Kikiwa shibiri moja na nusu toka usoni, kinaenea chote mpaka ukingo. Wiki mbili zilizopita kilienea kwa shibiri moja. Uso wa mtoto wa miaka mitano si mkubwa sana kuliko kisahani. Nikimshika mashavu naweza kumzungusha, jicho hili halafu lile, halafu mwanya kama anao. Nahitaji asubuhi moja yenye mwanga, hapa dirishani. Mkiendelea kuandikiana nitabaki na kitundu cha kuenea kifungo.

Sitaki barua nyingine. Sitaki wewe umjibu mdogo wako wala yeye akujibu. Mtagombana hapa, mbele yangu, nikiwasikia.

Njoo.

Mama yenu


Ungamo: Barua hii inatunza pembe. Kipimo chake ni sahihi kwenye neno "njoo" tu. Kwingine kote kimekuzwa na hasira.